Nani Ataichukua Mashine Itakapochoka? Hotuba kwa Wahitimu wa Radiolojia na Tiba Mionzi

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa idara, walimu, wazazi na walezi mliosafiri kuja kuwashuhudia vijana wenu, na ninyi wahitimu ambao shughuli hii ni yenu: nawasalimu kwa heshima, na ninaishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi ya kusimama hapa.

Nimeombwa nizungumzie matumizi ya mionzi ya nyuklia katika tiba, madhara yake kwa afya, na namna ya kuhifadhi mabaki yake. Kwa kawaida mambo hayo matatu huamuliwa na watu watatu wasiokutana: daktari hushughulika na tiba, afisa wa usalama hushughulika na madhara, na mabaki huachiwa mtunza stoo. Mimi nitayazungumza kama jambo moja, kwa kuwa miaka niliyofanya kazi ya fizikia tiba imenishawishi kwamba mashine ya mionzi inayotumika kila siku, ikiwa na watu wake waliosomea na milango yake inayofungwa, haitishi kama ile iliyoacha kutumika na ambayo hakuna anayejua tena ni mali ya nani.

Nianze na tiba, kwa sababu wazazi walioketi hapa wamesikia mara nyingi kwamba mionzi inaua, na pengine wengine wana wasiwasi na kazi ambayo watoto wao wameichagua. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, Tanzania, ni ya mlango wa kizazi. Mama anayefika Taasisi ya Saratani Ocean Road akiwa amechelewa, ugonjwa ukiwa umekwishavuka mahali ambapo kisu cha daktari wa upasuaji kingefaa, hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Hupewa dozi inayokaribia Grei 50 katika nyonga (Grei ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umeifyonza), lakini hapewi kwa mkupuo: hupewa Grei 2 hivi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano. Chembe hai zilizo nzima hutumia saa za mapumziko kujikarabati, ilhali chembe za saratani hujikarabati kwa shida, na tofauti hiyo ndogo ikirudiwa siku baada ya siku ndiyo inayomponya mgonjwa. Baada ya hapo, au katikati ya ratiba hiyo, chanzo kidogo cha mionzi, aghalabu iridi-192, huingizwa kwa mrija hadi jirani kabisa na uvimbe, kikakaa dakika chache na kurudishwa kwenye kasha lake.

Sasa fikirini kwamba mtu akipigwa Grei 4 au 5 mwili mzima kwa wakati mmoja, bila kupata matibabu, uwezekano wa kufa ndani ya wiki chache ni kama nusu kwa nusu. Mama yule amepokea mara kumi ya kiwango hicho na amerudi nyumbani kwake kupika. Kinachotenganisha kifo na uponyaji hapa ni mahali mionzi ilipoelekezwa, kiasi chake, na mwendo wa kuitoa. Ndiyo maana mtaalamu anayekosea sentimita moja katika kumlaza mgonjwa hana udhuru wa kusema kwamba ni sentimita moja tu.

Kuna jambo ambalo ninawaomba wahitimu mlirudie kwa kila mgonjwa na kila ndugu anayemsindikiza, hata pale foleni inapokuwa ndefu. Mgonjwa aliyepigwa mionzi kutoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili wake hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mtoto, kulala na mumewe kitanda kimoja na kula sahani moja na wenzake. Nimekutana na wanawake waliotengewa kikombe na kijiko nyumbani kwa wiki zote tano za matibabu, na wengine waliokatisha tiba kwa sababu ya fedheha hiyo. Hali ni tofauti kwa anayemezeshwa iodini-131 kwa ajili ya saratani ya tezi la shingo: huyo kwa siku kadhaa hubeba mionzi mwilini na kuitoa kwa mkojo, jasho na mate, hulazwa chumba chake peke yake, na anaporudi nyumbani hupewa masharti ya kukaa mbali na watoto wadogo na wajawazito. Ndugu wakielezwa tofauti hiyo kwa utulivu wanaielewa, na wanayafuata masharti pale yanapohitajika.

Afrika haikuingia katika habari hii juzi. Radiamu, metali inayotoa mionzi yenyewe, ambayo Marie Curie na mumewe Pierre waliigundua mwaka 1898, ilikuwa adimu na ghali mno hadi miaka ya 1920, wakati madini ya Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, yalipoanza kusafirishwa hadi kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji. Kwa miaka mingi sindano za radiamu zilizowatibu wagonjwa wa saratani Ulaya zilitokana na mawe yaliyochimbwa na wanaume wa Katanga, ambao hakuna aliyewapima wala kuwaambia walikuwa wanashika nini. Curie mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu, na madaftari yake hadi leo yanahifadhiwa kwa tahadhari kwa sababu bado yanatoa mionzi. Radiamu-226 hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Sindano iliyotengenezwa mwaka 1925 ni kama haijaanza kuzeeka.

Kuhusu madhara sitakawia, kwa kuwa mmefanyia mitihani. Kila mmoja wetu hupokea mionzi kutoka ardhini, angani na katika chakula, na wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka, milisiveti ikiwa kipimo cha uzito wa madhara ya mionzi kwa mwili. Picha moja ya kifua haifiki hata sehemu ya kumi ya milisiveti ikipigwa vizuri. Kipimo cha CT cha tumbo, yaani picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, kinaweza kufika milisiveti 8 au 10. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na cha mwananchi wa kawaida ni milisiveti 1 juu ya ile ya asili. Picha ambayo mgonjwa anaihitaji haina kikomo cha namna hiyo, ila inadai sababu. Mtoto aliyeandikiwa CT kwa sababu tu mashine ipo na bima inalipa amewekewa deni asilolijua, kwa kuwa chembe zake zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele yake ya saratani kuweza kujitokeza. Mkiletewa karatasi ya namna hiyo, ulizeni. Daktari mwema hatachukia kuulizwa.

Na beji zenu za kupimia mionzi zivaeni. Beji iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango inapima ukuta, na taarifa yake ya mwisho wa robo mwaka ni ya uongo hata kama namba zake zinapendeza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Mwishoni mwa mwaka 1985, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, kliniki binafsi ya tiba mionzi ilihama jengo lake. Ilichukua mashine yake ya kobalti na kuiacha ya seziamu-137 (vyanzo hivyo hutoa mionzi muda wote, umeme uwepo usiwepo), na jengo likabomolewa sehemu, likabaki gofu. Tarehe 13 Septemba 1987 vijana wawili waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu waliingia humo, wakang'oa sehemu ya kichwa cha mashine na kuipeleka nyumbani kwa toroli. Siku ileile walianza kutapika, wakadhani ni chakula. Wakaitoboa, kisha wakaiuza kwa mwenye ghala la vyuma chakavu. Usiku yule mnunuzi aliona mwanga wa buluu ukitoka ndani ya kile chuma, akauona ni kitu cha thamani, akakiingiza nyumbani na kuwaita jamaa na majirani waje kutazama. Chembechembe zenye ukubwa wa punje ya mchele zikagawiwa kwa ndugu. Kulikuwa na waliojipaka mwilini. Binti wa miaka 6 alicheza na ungaunga ule sakafuni, kisha akala yai kwa mikono ileile.

Aliyekuwa wa kwanza kuunganisha ugonjwa wa nyumba nzima na kitu kile ni mke wa mwenye ghala. Alikitia ndani ya mfuko, akapanda basi, na tarehe 28 Septemba akakiweka mezani kwa daktari wa afya ya jamii. Kesho yake mwanafizikia alikuja na kipima mionzi cha kuazima, kilichokuwa kikitumika kutafutia urani. Alipokiwasha, akiwa bado mbali, mshale ulikwenda hadi mwisho hata alipokielekeza upande mwingine, naye akaamini kimeharibika, akarudi kuazima kingine. Cha pili kilisema vilevile.

Watu wapatao 112,000 walipimwa, wengi wao uwanjani, na 249 walikutwa wamechafuliwa na seziamu. Wanne walifariki mwezi Oktoba, akiwemo yule binti na yule mke wa mwenye ghala. Katika mazishi ya mtoto watu waliandamana makaburini wakirusha mawe kuzuia jeneza lake lililozungushiwa risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, lisishushwe, kwa hofu kwamba ardhi yao itapata sumu. Waliougua na kupona walipewa buluu ya Prussia, rangi ambayo huinasa seziamu tumboni na kuitoa kwa choo, na ilikuwa mara ya kwanza kutumika kwa watu wengi kiasi kile. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachotwa, miti ikakatwa. Unga uliokuwa chini ya gramu 100 ulizaa taka zaidi ya mita za ujazo 3,000, ambazo zimezikwa nje kidogo ya mji huo chini ya zege na majani, na zitalindwa kwa vizazi.

Ninaomba tulitazame tukio hilo kwa makini. Mtambo wa umeme haukulipuka. Hapakuwa na vita. Mashine ile ilikuwa imetibu wagonjwa kwa miaka, ikazeeka, na wenye nayo wakawa wanabishana kuhusu jengo. Mambo ya aina hiyo yametokea tena kwingine: Samut Prakan nchini Thailand mwaka 2000, ambako watatu walikufa kwa kobalti ya mashine iliyotelekezwa kwenye maegesho, na Mayapuri mjini Delhi mwaka 2010, ambako mmoja alikufa baada ya chuo kikuu kuuza kifaa chake cha zamani kama chuma chakavu. Kila mahali ni watu wa vyuma chakavu waliolipa.

Niwaeleze nilichokiona karibu zaidi, bila kutaja mahali. Katika stoo ya hospitali moja, nyuma ya vitanda vilivyovunjika miguu, palikuwa na mashine kuukuu ya eksirei ambayo mtu ameichorea fuvu kwa chokaa, na wahudumu walinionya nisiisogelee. Ile haikuwa na mionzi hata chembe, kwa kuwa eksirei ikikatwa umeme inakuwa chuma tu. Hatua tatu kutoka pale, sakafuni, palikuwa na kasha dogo la risasi lililowekewa makopo ya rangi juu yake. Halikuwa na alama, maana kibandiko kilishabanduka. Kipima mionzi changu kililitambua kabla sijaliinamia. Ndani mlikuwa na mirija ya seziamu iliyotumika zamani kwa matibabu ya mlango wa kizazi, na daftari lililoorodhesha idadi yake liliondoka na mtu aliyestaafu. Tuliijulisha Tume ya Nguvu za Atomiki, wakaja na gari lao, na mirija ile ikahesabiwa na kupelekwa Arusha. Hakuna aliyeumia. Lakini mtunza stoo yule alikuwa amefanya kazi miaka humo ndani, na mara nyingi aliketi juu ya lile kasha kula chakula chake cha mchana.

Tatizo hili lina mizizi katika namna tunavyonunua. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Mgonjwa aliyelala mezani dakika mbili mwaka wa kwanza atalala dakika nne mwaka wa sita kwa dozi ileile, na foleni ya nje itakuwa imerefuka maradufu, kwa hiyo chanzo lazima kibadilishwe. Cha zamani bado kina nguvu ya kumuua mtu. Aliyekitengeneza yuko ng'ambo. Kukirudisha kunataka kontena maalumu, vibali vya kila nchi kitakakopita, meli iliyo tayari kukibeba, na fedha ambazo hakuna aliyeziweka kwenye bajeti wakati mashine inapokelewa kwa ngoma na hotuba. Nawajua wakurugenzi wema, wenye uchungu na wagonjwa wao, ambao waliposomewa gharama hiyo walisema tutaona huko mbele. Huko mbele ndiko stoo.

Kuna wanaosema dawa ni kuachana na kobalti na kununua mashine za kisasa zinazozalisha mionzi kwa umeme, ambazo zikizimwa hazitoi mionzi na haziachi mzigo kama huu. Nakubaliana nao pale ambapo umeme hautetereki, mafundi wapo na vipuri vinafika. Ocean Road imezipata mashine hizo tangu mwaka 2018 na zinatibu kwa usahihi zaidi. Hata hivyo kukosa mashine kabisa ni kubaya zaidi, na tusisahau yaliyowapata jirani zetu wa Uganda mwaka 2016, mashine pekee ya tiba mionzi ya nchi nzima, iliyokuwa Mulago, ilipoharibika, wagonjwa wakabaki wakisubiri au wakisafiri kwenda Nairobi hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa saratani mwaka 2022 lilieleza kwamba zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja. Kwa mahali pengi kobalti itaendelea kuokoa maisha kwa miaka ijayo, na mimi siwezi kumwambia mama mwenye saratani asubiri teknolojia safi zaidi.

Kuhusu mabaki yenyewe, sehemu kubwa ya yale mtakayoyashika kila siku hayataki makaburi ya zege. Teknesi-99m inayotumika kupiga picha za mifupa na figo hupungua nusu kila saa 6. Baada ya saa 60 imebaki chini ya elfu moja ya ilivyokuwa. Iodini-131 huchukua siku 80 kufikia hapo. Sindano, glavu na mashuka hayo huwekwa katika chumba kinachofungwa, kila mfuko ukiandikwa tarehe na jina la kiini chake, hupimwa muda ukitimia, na yakiwa yamefikia kiwango cha mionzi ya asili huondolewa alama na kutupwa pamoja na taka za kawaida za hospitali. Kazi yote ni subira na maandishi. Kosa ninalolikuta ni mfuko usio na tarehe, ambao unamlazimisha mtu kukisia.

Kobalti inahitaji miaka zaidi ya 50 kufikia hapo, seziamu miaka 300, na radiamu tusiseme. Vyanzo hivyo huko kwetu hukusanywa katika ghala la Tume mjini Arusha, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki namba 7 ya mwaka 2003, na Kenya ina kituo chake huko Oloolua. Mwaka 2009 wataalamu wa Afrika Kusini, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa, walikuja Tanzania wakitokea Sudani na chumba cha chuma kinachohamishika, ambacho kuta zake hujazwa mchanga ili kuzuia mionzi. Wakiwa nje, kwa mikono ya mitambo, walivitoa vyanzo vyenye nguvu kubwa kwenye vichwa vya mashine chakavu na kuvifunga upya katika vidonge vya chuma. Ninaitaja kazi hiyo kwa fahari, kwa kuwa ni Waafrika waliobuni suluhisho kwa tatizo la Afrika. Lakini ghala ni mahali pa kusubiri. Kwa nchi zenye mabaki machache kama sisi ipo njia ya kuvishusha vidonge hivyo katika kisima chembamba kilichochimbwa makumi ya mita chini ya ardhi na kuzibwa kwa saruji, njia ambayo Ghana na Malaysia zilichaguliwa kutangulia kuijaribu. Maoni yangu ni kwamba Afrika Mashariki ianze mazungumzo hayo sasa, na yafanyike hadharani, pamoja na wanakijiji watakaoishi karibu na kisima hicho, kabla mchoro wa kwanza haujachorwa.

Jambo la alama nalo tusilipuuze. Ile ya majani matatu meusi juu ya njano inajulikana na sisi tuliofundishwa. Mpita njia huona pangaboi. Kwa sababu hiyo mwaka 2007 ilitolewa alama ya nyongeza, pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu, na mtu anayekimbia, baada ya kujaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwemo, wakiwemo watoto na watu wasiojua kusoma. Imekusudiwa kubandikwa ndani ya mashine, mahali ambapo haionekani hadi mtu aanze kufungua boliti. Wahitimu, mkipangiwa kituo chenye chanzo kikubwa, ulizeni kama ipo.

Na wiki yenu ya kwanza kazini ombeni kuonyeshwa daftari la vyanzo: kila chanzo, namba yake, nguvu yake siku kilipofika, mahali kilipo leo, na mkataba unaosema nani atakichukua. Kama ukurasa wa mkataba ni mtupu, andikeni barua kwa mkuu wenu, mbaki na nakala, na mpeleke nyingine kwa Tume. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa upande wa serikali ombi langu ni moja: zabuni yoyote ya mashine yenye chanzo cha mionzi, iwe ya kununuliwa au ya msaada, isisainiwe bila gharama ya kukirudisha kuwekwa kwenye akaunti yake siku hiyohiyo. Nimewaona pia viongozi wa chama cha wafanyabiashara wa vyuma chakavu wameketi safu ya nyuma, na ninawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Mkiletewa kitu ambacho uzito wake unazidi sana ukubwa wake, chenye risasi ndani au alama nilizozieleza, msikitoboe wala msikipeleke popote. Kiacheni kilipo, waondoeni watu, wapigieni simu polisi na Tume, na nawakeni mikono kabla ya kugusa chakula. Baada ya shughuli hii nitakuwa mezani pale mlangoni nikiwa na mfano mtupu wa kasha la chanzo, ili kila mmoja wenu alishike na kuujua uzito wake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.